"Tairi Halichezi, Beringi ni Nzima": Dhana Inayowagharimu Wenye Magari

Wiki hii nimeisikia tena. Gari linavuma kuanzia kilomita 60 kwa saa, na kabla sijashika jeki mwenye gari ananiambia: "Fundi, beringi usihangaike nazo, zimeshaangaliwa. Tairi halichezi hata kidogo." Alikuwa ameshanunua tairi nne mpya na mvumo ulikuwa palepale.

Beringi ni kile kifaa chenye pete mbili na gololi katikati kinacholifanya gurudumu lizunguke laini. Kucheza kwa tairi, yaani kulegea ukilitikisa, ni dalili ya mwisho ya beringi kufa, si ya kwanza. Beringi za magari mengi ya sasa zina safu mbili za gololi, na zikishafungwa na kukazwa sawasawa hazina nafasi ya kucheza. Zinapoanza kuharibika hakuna kinacholegea. Kinachotokea ni kwamba njia ya gololi, yaani mfereji kwenye pete unamopita gololi, inaanza kumeguka, inapata vishimo vidogo ambavyo ukipitisha ukucha unavihisi. Kila gololi ikipita hapo inagonga, na kugonga huko kukifuatana kwa kasi ndio mvumo unaousikia ndani ya gari. Katika hatua hiyo utalitikisa tairi mpaka uchoke na halitasogea. Likianza kucheza, ujue njia imelika sana. Diski ya breki inayumba na kusukuma pedi nyuma, kwa hiyo pedali ya breki inashuka zaidi kabla ya kushika. Ukiendelea kuendesha, beringi inaweza kupata moto, ikasagika, na gurudumu likatoka gari likiwa kwenye mwendo.

Kwa hiyo mimi naanzia barabarani, si kwenye jeki. Mvumo wa beringi unafuata mwendo wa gari, haufuati injini: ukitoa gia gari likiwa linakwenda, injini inatulia lakini mvumo unabaki. Kisha, mahali pasipo na magari, yumbisha usukani taratibu. Ukikata kushoto uzito unalalia magurudumu ya kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kulia. Mshukiwa tu, maana beringi ya safu mbili inaweza kukudanganya upande. Mvumo wa tairi, kwa upande wake, hubadilika lami inapobadilika, na ukihamisha tairi za mbele nyuma, sauti nayo inahama. Jaribio hilo ni la bure. Lifanye kabla ya kununua tairi!

Baada ya hapo ndipo nanyanyua gari. Nazungusha gurudumu kwa mkono mmoja, mwingine nimeushika kwenye springi ya shokamzoba. Beringi nzima inapita kimya. Iliyochoka inaleta mkwaruzo mpaka kwenye springi, kama unasaga mchanga ndani ya kopo. Vidole vinaupata hata pale sikio linapokosa. Huyo wa wiki hii, mbele kulia, springi ilitetemeka mzunguko wa kwanza tu. Nilimwita aweke mkono wake mwenyewe, akanyamaza.

Na kinyume chake pia si kweli, kwamba kila tairi linalocheza lina beringi mbovu. Likicheza ukilishika kushoto na kulia peke yake, angalia tairodi, fimbo inayopeleka usukani kwenye gurudumu. Likicheza juu na chini, mwambie mtu akanyage breki kisha utikise tena: mchezo ukipotea, ni beringi, ukibaki, kagua boli jointi na bushi, yaani viungo na mipira inayoshikilia gurudumu kwenye gari.

Dhana nyingine ninazozisikia niyapitie haraka. "Niongezee grisi tu." Beringi iliyofungwa kwa sili haiongezwi grisi, na grisi haizibi vishimo. "Badilisha zote mbili, kama shokamzoba." Hapana, beringi hubadilishwa iliyokufa; anayekuuzia jozi akuonyeshe ubovu wa ile ya pili. "Mlio wa ka-ka-ka kwenye kona kali ni beringi." Mara nyingi huo ni wa jointi ya ekseli.

Kwenye kufunga beringi mpya ndiko nisikoelewana na mafundi wenzangu wanaoigonga kwa nyundo. Unapoingiza beringi kwenye nyumba yake, presi (mashine ya kukandamiza) isukume pete ya nje. Unapoingiza habu, kitovu kinachofungwa gurudumu, ishikilie pete ya ndani kwa chini. Nguvu ikipita kwenye gololi, zinachapa alama kwenye njia, na beringi mpya inaanza kuvuma baada ya muda mfupi. Halafu mteja anaambiwa kifaa kilikuwa feki. Nati ya ekseli nayo inataka kipimo cha mtengenezaji kwa spana ya kupimia nguvu, si bunduki ya upepo mpaka ikatae, na gari lisishushwe likalie magurudumu kabla nati hiyo haijakazwa.

Na kabla ya presi, tazama pande zote mbili za beringi. Kwenye magari mengi yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, upande mmoja una mkanda wa sumaku unaosomwa na sensa. Gusisha kibanio cha karatasi cha chuma: upande unaokivuta ndio unaoelekea kwenye sensa. Ukiifunga kinyume, taa ya ABS itawaka, na huwezi kuitoa ukaigeuza, kwa sababu beringi iliyong'olewa kwa presi imeshaumia. Utanunua nyingine.