Historia ya muziki wetu: dhana potofu zinazorudiwa na ukweli wake

Mjadala wa muziki ukikolea Afrika Mashariki, haukawii kufika pale pale: huu ni wetu au ni wa kuletwa? Utasikia kwamba taarab ni ya Waarabu, dansi ni ya Wakongo, beni, ngoma ya gwaride na tarumbeta, ni ya Wazungu, na chetu kilichobaki ni ngoma ya kijijini peke yake. Hukumu hizi hutolewa kwa kujiamini sana, na nyingi hazisimami mbele ya kazi ambayo watafiti wa historia ya muziki wameifanya kwa zaidi ya miaka 100. Nimechukua zile zinazorudiwa mno. Sikuzipa nafasi sawa, kwa kuwa nyingine zinajibiwa kwa maneno machache na nyingine zimepotosha mengi.

"Taarab ililetwa Unguja na Sultani Barghash"

Kisa kinajulikana. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri, akaleta wapigaji kutoka huko, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza kanuni, ala ya nyuzi nyingi. Aliporudi, kasri ikapata kundi lake. Mwaka 1905 wapenzi wa muziki mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa, klabu iliyodumu hadi leo. Simulizi hii haina haja ya kutupwa. Tatizo linaanza pale inapofanywa kuwa ndiyo historia yote.

Wakati kasri inasikiliza kanuni, watu wa Lamu, Pate na Mombasa walikuwa na uimbaji wao wa mashairi ya Kiswahili kwa kinanda, yaani kibangala au gambusi, ala ndogo ya nyuzi inayofahamika kuanzia Yemen hadi visiwa vya Komoro. Gungu ilichezwa harusini, na baadhi ya beti zake zinanasibishwa na Fumo Liyongo mwenyewe, shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani. Watafiti waliofuatilia ala, mizani ya mashairi na majina ya waimbaji, akiwemo Werner Graebner, wamesisitiza kwamba njia hii ya kaskazini haina budi kuingizwa kwenye hesabu. Taarab ina mizizi zaidi ya mmoja, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa tayari unaongea Kiswahili.

Kwa nini basi kisa cha Barghash ndicho kilichoshika? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu kasri huacha kumbukumbu. Ina tarehe, ina majina, ina wageni wanaoandika walichokiona. Mpiga kibangala wa Pate hakuwa na karani. Ukifuata karatasi tu, utaishia mlangoni kwa sultani kila mara, na utaamini kwamba muziki nao ulianzia hapo.

Mombasa inaharibu zaidi hesabu za anayetafuta asili moja. Katika taarab ya huko, tashkota imekuwa sauti inayotambulika mara moja, hasa kwa waliomsikiliza Zuhura Swaleh. Ala hiyo yenye vibonye kama vya taipureta ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, ikaenea India, ikafika pwani yetu. Kuna taarab ya Mombasa inayofuata lahani za filamu za Kihindi, na Juma Bhalo aliipandisha hadhi hiyo kwa mashairi mazito ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Je, ni muziki wa Kijapani? Wa Kihindi? Anayeketi na kuusikiliza wimbo mzima hawezi kuuliza hivyo, kwa sababu kinachoubeba ni shairi, na shairi ni la Mvita.

"Siti binti Saad ndiye wa kwanza kuimba taarab kwa Kiswahili"

Kwa yaliyotangulia, dai hili halikai. Lakini nalipinga kwa sababu nyingine pia: linampunguzia Siti sifa yake halisi.

Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia iliyotoka utumwani, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Aliingia mjini akiuza vyungu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile ya nembo ya HMV, na sauti yake ikasambaa kwa santuri katika migahawa na barazani kote pwani. Alichokifanya kilizidi kubadilisha lugha ya wimbo. Aliingiza mambo ya Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida, ndani ya muziki uliokuwa na heshima ya kasri.

Chukua wimbo wa Kijiti. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatorokea bara, na wanawake waliofika mahakamani kueleza ndio waliohukumiwa. Mwanahistoria Laura Fair aliwahoji wazee wa Unguja waliokumbuka nyimbo hizi, akawauliza zilimaanisha nini zilipotoka. Majibu yao yanaonyesha jinsi watu wasio na sauti mahakamani walivyomjadili hakimu, tajiri na mwizi wa mali ya umma kupitia wimbo. Jalada la serikali ya kikoloni halikusudiwi kuhifadhi maoni ya namna hiyo, ndiyo maana wimbo ni ushahidi wa historia na si pambo la kuwekea kitabu.

"Rekodi ya zamani ndiyo muziki wenyewe ulivyokuwa"

Hii inawanasa hata wasomi, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ya ukubwa wa kawaida, ilibeba kama dakika tatu na ushei kila upande. Wimbo wa taarab ukumbini ungeweza kwenda muda mrefu zaidi, huku watu wakitunza na mwimbaji akirudia ubeti uliogusa. Studio haikuwa na nafasi ya hayo. Ama wimbo ulifupishwa, ama ulikatwa katikati ukaendelea upande wa pili. Mtu anayesema nyimbo za enzi zile zilikuwa fupi anapima kisahani, hapimi wimbo.

Rudi nyuma zaidi, kwenye mitungi ya nta, iliyotumika kunasia sauti kabla ya santuri kuenea. Berlin ilianzisha hifadhi yake ya sauti mwaka 1900, na mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa Tanzania ya leo akiwa na mashine ya kurekodi. Mwimbaji alitakiwa asogee karibu kabisa na faneli ya kupokelea sauti. Mtungi mmoja ulikwisha baada ya dakika chache. Ngoma kubwa zilikuwa adui wa mashine ile, hazikunaswa vizuri, na kikundi cha wachezaji hamsini hakikuweza kuingia kwenye faneli moja. Matokeo yake tunasikia sauti ya mtu mmoja mmoja, bila mchezo, bila vigelegele, bila ngoma. Mtaalamu wa muziki Erich von Hornbostel aliziandika na kuzichambua nyimbo za Wanyamwezi akiwa Berlin, na uchambuzi wake ukachapishwa mwaka 1909. Ni kazi ya thamani, nami naiheshimu, ila ni kazi iliyofanywa na mtu aliyekuwa na sauti tupu, asiyekuwa na mtu wa kumuuliza.

Kisha kuna swali la nani alichagua kirekodiwe nini. Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini mwaka 1954, alirekodi sehemu nyingi za eneo letu, na bila yeye tungekuwa maskini zaidi. Lakini alikuwa na upendeleo wake: aliuthamini muziki aliouona kuwa wa asili na kuhofia ulioonekana kuchanganyika. Kwa bahati nzuri, watu aliowarekodi hawakujali mpaka huo. Mwaka 1950, kwa Wakipsigis wa Kenya, wasichana walimwimbia wimbo kuhusu "Chemirocha", wakicheza na jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwao. Waliligeuza jina, wakamgeuza mtu mwenyewe kuwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, wakampigia kinubi chao. Mwaka 2015 rekodi hiyo ilirudishwa kwa jamii iliyoiimba, na urejeshaji wa aina hii sasa ni sehemu ya utafiti wenyewe, maana wenye wimbo hueleza mambo ambayo hayamo kwenye lebo.

Hapo hapo imejibika dhana nyingine, kwamba muziki wa kijijini haujaguswa na chochote tangu enzi na enzi.

"Beni ilikuwa kuwaiga Wazungu tu"

Ukitazama picha za zamani, unaweza kukubali haraka: sare, tarumbeta, gwaride, na vyeo vya Kingi, Jenerali na Daktari. Mwanahistoria Terence Ranger, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1975, alianza na picha hizo hizo akafika pengine. Aligundua kwamba mashindano ya vikundi mjini yalikuwa ya zamani kuliko tarumbeta. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni, pande mbili zilizoshindana kwa ngoma, mashairi na karamu. Bendi ya shaba ilipofika mwishoni mwa karne ya 19, iliingizwa ndani ya ushindani uliokuwepo.

Tanganyika ilipata vyama vya beni vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Vita vya Kwanza vya Dunia vikawabeba askari na wapagazi, nao wakaibeba beni hadi Malawi, ambako ngoma ndugu zake, mganda na malipenga, bado zinachezwa. Vyama hivi viliwapokea wageni mjini, vikazika wafu, vikachangia wagonjwa. Maofisa wa Kiingereza walipoingiwa na wasiwasi baada ya vita, kilichowatisha kilikuwa mtandao wa watu wanaojuana kutoka bandari hadi bandari, wenye uongozi wao. Anayeiga tu hamtii serikali hofu ya namna hiyo.

"Dansi si utamaduni wetu"

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge akitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliuliza ni wangapi kati ya waliosoma wanaojua gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama, ilhali rumba na chachacha wanazijua. Lilikuwa swali la haki kwa taifa lililotoka kutawaliwa. Tazama basi kilichofuata. Mwaka 1964 ikaanzishwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi, jeshi, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na umoja wa vijana wakawa na bendi zao, zikipiga magitaa na saksofoni kwa mshahara wa umma, zikiimba siasa, mapenzi na misiba ya taifa. Dola iliyoitilia shaka dansi ndiyo iliyoilea. Kelly Askew, aliyepiga muziki na vikundi vya Tanga akifanya utafiti wake, ameeleza kwa kina jinsi utamaduni wa taifa ulivyojengwa na watendaji na wasanii kwa pamoja, mara nyingi bila kufuata mpango wa wizara.

Na lelemama iliyotajwa kuwa ya asili ilikuwa ngoma ya wanawake wa miji ya pwani, yenye vyama, sare na mashindano makali. Ilikuwa ya mjini sawasawa na dansi.

"Mipasho ni uchafu wa siku hizi"

Wazee wengi wanaamini taarab ilikuwa na staha hadi miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipoanza kuchambana jukwaani na Khadija Kopa na Nasma Khamis wakawa gumzo la Dar es Salaam. Staha ya lugha imepungua, hilo silipingi. Kurushiana maneno hakukuanza hapo. Mombasa, vyama vya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana miaka ya katikati ya karne iliyopita kwa nyimbo za kufichuana, na Margaret Strobel amelionyesha hilo kwa ushahidi wa wanawake walioshiriki. Unguja nako vilikuwepo vikundi vya wanawake kama Nurul Uyun na Sahib el-Ari. Janet Topp Fargion alipovichunguza pamoja na kidumbak, muziki wa mtaani unaopigwa kwa sanduku la besi na ngoma ndogo ziitwazo vidumbak, aliona kwamba wanawake hawa ndio walioisogeza taarab karibu na ngoma za hapa. Wamesahaulika katika historia inayohesabu makundi ya wanaume wenye kanuni na fidla.

"Utafiti wa muziki ni kazi ya wageni"

Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti. Mohamed Seif Khatib na Issa Mgana waliandika vitabu vya taarab kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwenda Ntarangwi ameandika kuhusu taarab na jinsia katika miji ya Kenya, Imani Sanga anafundisha na kutafiti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 chuo cha muziki cha nchi za majahazi kimekuwa kikifundisha udi, kanuni na ngoma Mji Mkongwe.

Upungufu uko kwingine. Vifaa vingi vya utafiti viko majumbani: kaseti za harusi, madaftari ya mashairi ya mabibi, picha za vikundi ambazo nyuma yake hakuna jina. Kaseti isiyoandikwa mwaka, mahali na nani alikuwa anaimba humpa mtafiti sauti tu. Ikiwa na mambo hayo matatu kwa kalamu ya mwenye nayo, anaweza kuulizia kwa waliobaki hai nani alipashwa usiku ule, na kwa sababu gani.