Gati la Clevedon: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Likitajwa gati la enzi za Malkia Victoria huko Uingereza, wengi hufikiria bembea, mashine za kamari na peremende. Brighton mambo ni hayo. Ukiyatarajia Clevedon, katika jimbo la Somerset, utayakosa. Gati hili lilifunguliwa mwaka 1869 kwa kazi: kuwapandisha abiria kwenye meli za mvuke za kuvukia kwenda Wales Kusini. Starehe ilikuja kushika nafasi kubwa baadaye, hasa baada ya njia ya reli ya kwenda Wales, inayopita chini ya mto Severn, kufunguliwa mwaka 1886.

Wapo wanaouliza kwa nini lijengwe lenye urefu wa mita 312, kana kwamba ni fahari tu. Mtu wa pwani ataelewa mara moja. Bamvua letu la Mombasa, yaani tofauti kubwa kati ya maji kujaa na kupwa, halifiki mita 5. La Clevedon hukaribia mita 14, kimo cha jengo la ghorofa nne. Maji yakipwa, sehemu ya ufukweni hubaki mawe na matope. Kwa hiyo angalia ratiba ya maji kabla ya kwenda, na ukiweza kaa uyaone yakijaa na yakipwa. Kule mwisho, jukwaa la kupandia meli lina sakafu kadhaa, moja juu ya nyingine, ili abiria wapate pa kukanyagia maji yakiwa kimo chochote.

Kosa linaloniuma zaidi ni la wanaoitazama ile miguu myembamba kama ya korongo na kusema ni kazi dhaifu. Ichunguze kwa karibu: ni reli za treni za aina ya Barlow, zilizong'olewa kwenye njia ya reli ya mhandisi Brunel huko Wales Kusini, zikaunganishwa mgongo kwa mgongo kwa ribiti. Wembamba huo ndio unaoyaachia maji ya Severn yapite bila kulisukuma gati.

Na lilipoanguka, halikuangushwa na dhoruba. Tarehe 17 Oktoba 1970 lilikuwa likipimwa uwezo kwa ajili ya bima. Matangi ya maji yaliwekwa juu yake, na vipande viwili vikaporomoka. Kukawa na mpango wa kulibomoa lote. Wakazi wakakataa, wakachangisha fedha, likafunguliwa tena mwaka 1989, na ile sehemu ya mwisho mwaka 1998. Leo liko katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria.

Basi usinung'unike kulipa kiingilio. Chuma kilicho juu ya maji ya chumvi hakiachi kudai rangi. Tembea polepole usome vibao vidogo vya shaba vyenye majina ya waliochangia. Kati ya mbao utayaona maji yakikimbia chini yako. Na ukibahatika majira ya kiangazi, utaikuta Waverley, meli ya mvuke yenye magurudumu ubavuni, imefunga kamba palepale pa abiria wa 1869.