Mbunge wa jimbo Marekani akiwa meya, ameshuka cheo?

Wengi tukisikia kwamba mbunge wa jimbo huko Marekani ameamua kugombea umeya, huona ameshuka ngazi. Si ajabu. Tanzania meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na utendaji wa kila siku uko kwa mkurugenzi. Isitoshe, neno "jimbo" hutuchanganya: kwetu ni eneo linalompeleka mbunge Dodoma.

Marekani jimbo ni kama nchi ndogo. Yako 50, kila moja na bunge lake, na mbunge wa huko haketi Washington. New Hampshire ina wawakilishi 400, kila mmoja akilipwa dola 100 kwa mwaka (ndiyo, kwa mwaka mzima). Meya wa New York, kwa upande wake, huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, huteua mkuu wa polisi, na bajeti ya jiji lake inazidi dola bilioni 100.

Lakini si kila meya ana nguvu hizo. Dallas na Phoenix zina meneja wa jiji anayeajiriwa kuendesha shughuli. Hapo panafanana zaidi na kwetu.

Ukitaka kuhakikisha, tazama kwanza mtu huyo alikuwa bunge lipi: seneta wa jimbo si seneta wa Washington. Kisha ingia tovuti ya jiji, tafuta sheria iliyoliunda, usome ni nani anayeajiri na kufukuza wakuu wa idara. Huyo ndiye mwenye rungu.