Breka ya umeme ikikatika, dawa si kuweka kubwa zaidi

Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, utasikia kwamba fundi anayekataa kubadilisha breka ya ampia 16 kwa ya 32 anatafuta tu kuongezwa hela. Sivyo.

Chukua hita ya bafuni ya kilowati 5.5. Gawanya wati 5,500 kwa volti 230, unapata takriban ampia 24. Ikiungwa kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 uliopita ndani ya ukuta, breka ya 16 itakatika baada ya dakika chache, na hapo inafanya kazi yake. Ya 32 huvumilia hata ampia 36 kwa saa nzima bila kushtuka. Wakati huo waya unapika ndani ya bomba, plastiki yake inalainika, na harufu utaipata siku mambo yameshaharibika. Breka hulinda waya, si hita. Hapo ndipo wengi hukosea.

Kazi halali ni waya mpya wa milimita 6 kutoka meni swichi, breka yake ya 32, swichi inayokata nyaya zote mbili, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) iliyofungwa barabara, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampia 30. Tanga kuna chumvi ya bahari: klampu ya fimbo ya ethi huota kutu, ikaguliwe.

Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akifunga kinyume cha hapo, leseni yake ndiyo iko hatarini. Aliyekubali haraka kukuwekea ya 32 bila kubadilisha waya, muulize leseni.