Askari wa Vitabuni Hulia: Dhana Potofu Kuhusu Uanaume na Fasihi ya Vita

"Jikaze kiume!" Wengi tumeambiwa hivyo utotoni, na picha inayotujia ni ya askari: kifua mbele, uso mkavu, haogopi wala halii. Tunaamini tumerithi picha hiyo kutoka kwa fasihi ya vita. Vitabu vyenyewe vinasema mengine kabisa.

Dhana: Shujaa wa kale hakulia

Alilia, tena mbele za watu. Katika Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki na mji wa Troy, hakuna Mgiriki anayemfikia Achilles kwa vita. Lakini akipata habari kwamba rafiki yake Patroclus ameuawa, anajimwagia majivu kichwani, anagaagaa mavumbini na kujing'oa nywele, hata mama yake anakisikia kilio hicho kutoka vilindi vya bahari. Mwishoni Priam, mfalme mzee wa Troy, anamwendea Achilles usiku kuomba maiti ya mwanawe Hector, aliyeuawa na Achilles huyohuyo. Muuaji na mfiwa wanalia pamoja, huyu akimlilia mwana, yule akimlilia baba na rafiki. Hakuna anayewacheka.

Aliyekereka ni Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, karne kadhaa baadaye. Katika kitabu chake Jamhuri anataka vilio vya mashujaa vifutwe kwenye mashairi, waachiwe wanawake na wanaume dhaifu, ili walinzi wa mji wasije wakalegea. Kumbe askari asiyelia hakutungwa na mshairi. Aliagizwa na mtu aliyekuwa akiwaza namna ya kulea jeshi, na mimi naona tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza.

Dhana: Anayeandika kuupinga ukatili wa vita ni mwoga

Wilfred Owen, mshairi na askari wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alilazwa hospitali ya Craiglockhart, Scotland, mwaka 1917, akili ikiwa imejeruhiwa na mizinga. Mwaka uliofuata alirudi mstari wa mbele, akapigana kwa namna iliyompatia nishani ya ushujaa, na akauawa Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, siku saba kabla ya silaha kunyamaza. Huyo ndiye aliyeandika shairi la askari anayekata roho kwa gesi ya sumu, kisha akauita uongo ule mstari wa Horace, mshairi wa Roma, usemao kwamba kuifia nchi ni jambo tamu na la heshima.

Horace naye ana yake. Alipigana katika vita vya Philippi mwaka 42 KK, na katika shairi jingine anakiri kwamba alikimbia akaiacha ngao yake. Basi tazama: aliyesifu utamu wa kifo alikikimbia, na aliyekanusha utamu huo alikufa vitani. Simlaumu Horace kwa kukimbia. Ungamo lake nalipenda kuliko ule mstari wake maarufu.

Dhana: Hofu ni upungufu wa uanaume

Mwaka 1915, katika vita hivyohivyo vya Owen, daktari Charles Myers aliandika katika jarida la tiba kuhusu askari walioathiriwa na "mshtuko wa makombora". Hata ugonjwa huo uligawanywa kwa vyeo. Maofisa mara nyingi waliambiwa mishipa yao ya fahamu imechoka, ilhali askari wa kawaida waliambiwa wana histeria, jina litokanalo na neno la Kigiriki la mfuko wa uzazi. Mtu anatetemeka, na jina la ugonjwa wake linamwambia amegeuka mwanamke. Uingereza iliwapiga risasi askari 306, wake na wa dola yake, kwa makosa kama utoro na woga, na msamaha ulikuja mwaka 2006.

Dhana: Habari za vita ni za wanaume

Mwandishi Svetlana Alexievich wa Belarus aliwahoji mamia ya wanawake wa Kisovieti waliopigana Vita vya Pili vya Dunia: wadunguaji, madaktari, marubani. Kitabu cha mahojiano hayo kilitoka mwaka 1985. Walimsimulia mabuti makubwa kuliko miguu yao, nywele zilizokatwa, harufu ya damu. Mume mmoja alikuwa amekesha akimfundisha mkewe historia rasmi ya vita, na kabla ya mahojiano akamwagiza asimulie vilevile, bila machozi wala mambo madogomadogo ya kike. Ulezi wa Plato ulikuwa umefika mpaka jikoni.

Dhana: Kiswahili, angalau, kina jabari asiyetikisika

Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa Waswahili? Katika utenzi wake anachomwa kitovuni usingizini na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba. Anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatega mshale, na roho inamtoka akiwa vivyo hivyo. Watu hawathubutu kuteka maji, wakidhani yu hai na ana ghadhabu. Siku zinapita, mji una kiu. Mwishowe wanamwomba mama yake aende kumbembeleza. Mama anasogea pale ambapo mashujaa wa mji hawakusogea, anamsihi mwanawe kwa maneno laini, na mwana hajibu.