Je, wajua kwa nini tableti huwa kiziwi ikibadilishiwa mfumo?

Tableti ya mpwa wangu ilikuwa na Android iliyozeeka hadi programu za masomo zikakataa kufunguka. Nikaiwekea LineageOS, mfumo huria uliochukua nafasi ya CyanogenMod mwishoni mwa 2016. Kioo, Wi-Fi, spika, vyote sawa. Lakini alipotaka kujirekodi akikariri shairi, mstari wa sauti ulibaki umelala tuli, hata alipopiga makofi karibu na tundu. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue akasema maikrofoni imekufa, ibadilishwe.

Haikuwa imekufa, na inaniuma kufikiria ni tableti ngapi nzima hufunguliwa bure kwa sababu hii.

Maikrofoni ni kidude cha milimita chache tu, nacho hakizungumzi na mfumo moja kwa moja. Sauti hupitia kwanza kwenye chipu inayoigeuza kuwa namba. Ndani ya chipu hiyo kuna swichi nyingi za kielektroniki: sauti iingilie mlango upi, ikuzwe kiasi gani, ielekezwe wapi. Mtengenezaji anajua zipi ziwashwe, na kwenye tableti nyingi ameziorodhesha katika faili iitwayo mixer_paths.xml. Anayeunda mfumo mpya wakati mwingine huazima faili ya modeli ya karibu. Ikiwa maikrofoni ya ndugu yake iko mlango wa kwanza na yako iko wa pili, umekwama: ni kama kungoja matatu ya Rongai kwenye steji ya Thika. Spika haidhuriki kwa kuwa ina njia yake.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mtu, hifadhi data zako na urudishe mfumo wa kiwandani. Tableti ikisikia, kifaa ni kizima na kosa liko kwenye mfumo mpya, huenda kwenye faili hiyo.

Ya mpwa wangu ilisikia. Nikarudi kwenye LineageOS, nikafungua ruhusa ya root, yaani mamlaka ya kugusa mambo ya ndani ya mfumo, na kuendesha tinymix, programu ndogo inayoonyesha swichi zote na hali zake. Orodha ilikuwa ndefu. Chipu yake ni ya Qualcomm, na humo nikaikuta DEC1 MUX, swichi inayochagua sauti itoke mlango upi, imewekwa ZERO, yaani haipokei chochote. Nikaanza kurekodi, nikaandika amri ya kuielekeza kwenye mlango uitwao ADC1:

tinymix 'DEC1 MUX' 'ADC1'

Mstari ukaruka. Honi za barabarani zikaingia kwanza, kisha sauti ya mtoto akiuliza, "Mjomba, inasikia?"

Yako huenda ikahitaji swichi tofauti, hata tatu kwa pamoja. Jaribu moja moja huku ukirekodi. Tableti ikizimwa, mabadiliko hayo hupotea, basi nakili faili ya zamani kando, halafu uyaandike ndani ya mixer_paths.xml. Sauti ikisikika inapasuka, punguza ADC1 Volume, yaani kiasi cha kukuza sauti, kidogo kidogo.