Je, wajua kwa nini doktora ya uongozi wa elimu unaweza kuifanya mtandaoni bila kuacha kazi?

Hapa Lubumbashi watu wakisikia prefe fulani, yaani mkuu wa shule ya sekondari, anafanya doktora, na bado kila asubuhi wanamuona pale getini anapokea wanafunzi, wanaanza kuulizana, sasa huyu anasoma saa ngapi? Wengine wanasema wazi kwamba hiyo si doktora ya kweli, maana ile tuliyoizoea ni ya UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, unamaliza lisansi, unakuwa asistenti, unafanya DEA, ile diploma inayotangulia doktora, unakaa miaka na promota wako, yaani msimamizi, mpaka siku ya kutetea tezi, yaani tasnifu. Swali ni la haki kabisa. Jibu ni kwamba kwa doktora ya aina hii, kazi yako ndiyo kitu chenyewe unachokisoma, na ukiiacha hutabaki na chochote cha kuchunguza.

Kwenye elimu doktora ziko za aina mbili. PhD inatengeneza mtafiti, mtu wa kuandika nadharia na kufundisha chuo kikuu. Ed.D. (Doctor of Education) ni ya mtu anayeongoza shule, inspekta, mkuu wa shirika la elimu, watu wa namna hiyo. Harvard walifungua shule yao ya elimu mwaka 1920 na Ed.D. ikaanza pale, lakini kwa miaka mingi sana ilibaki kama PhD iliyopunguzwa makali, tezi ileile, kurasa zilezile, na msomi akirudi kazini hakuna kinachobadilika. Mwaka 2005 Arthur Levine, aliyekuwa rais wa Teachers College kule Columbia, New York, akatoa ripoti kali, akisema Ed.D. ya viongozi wa shule ifutwe kabisa, masta iliyopangwa vizuri inawatosha. Mwaka uliofuata Lee Shulman wa Carnegie Foundation, shirika la Marekani la kuendeleza ufundishaji, na wenzake wakasema hapana, isifutwe, itengenezwe upya. Njo maana mwaka 2007 vyuo kama 25 vya Marekani vikaungana kwenye mradi unaoitwa Carnegie Project on the Education Doctorate, leo vimeshapita 100, na wazo lao kubwa ni kwamba mwanafunzi aje na tatizo la kazini kwake, tatizo la kweli ambalo linamnyima usingizi, na tezi yake iwe ni kulishughulikia hilo.

Tuchukue mfano. Prefe wa shule moja ya sekondari kule Katuba, hapa hapa Lubumbashi, anaona watoto wa mwaka wa saba wamejaa Septemba, Januari viti viko wazi. Wale walioanza la kwanza mwaka 2019, mwaka ule serikali yetu ya Kongo ilipotangaza shule ya msingi bure, ndio hao walioanza kufika mwaka wa saba 2025, kwa hiyo idadi si mchezo. Bila doktora atasema wazazi hawajali, au ni mvua, au ni umaskini, basi. Kwenye programu ya Ed.D. hawamruhusu kusema hivyo. Anaambiwa fungua rejista, hesabu nani anakosa, siku gani, darasa gani, anakaa avenyu gani. Labda anakuta wengi wanakosa Jumatatu na siku ile ya kufukuza wenye deni la minervali, yaani karo, na kwamba mtoto akifukuzwa mara mbili, mara ya tatu harudi tena. Hapo ameshapata kitu cha kushika. Anajaribu badiliko dogo kwa darasa moja tu, tuseme mzazi aitwe kabla mtoto hajafukuzwa, anapima wiki chache, analinganisha na darasa lingine, anarekebisha, anajaribu tena. Panga, fanya, chunguza, rekebisha. Mtu aliyeacha kazi kwenda kukaa Johannesburg au Boston hawezi kufanya hivyo, rejista iko Katuba.

Lakini kuna shida moja ambayo wengi hawaijui mpaka wanaanza, na mimi naona ndiyo inayompima kiongozi kweli kweli. Wewe ni mkubwa wa kazi. Ukimuita mwalimu wako ofisini, ukamwambia mwalimu naomba nikuulize maswali kuhusu uongozi wa shule hii, atakujibu nini? Atasema ndiyo baba prefe, kila kitu kiko sawa baba prefe, maana mkono wako ndio unapanga masaa yake na ndio unaandika kotasyo yake, zile alama za kazi yake. Njo sababu kabla hujakusanya hata neno moja, kamati ya maadili ya chuo inakusimamisha inauliza: mwalimu akikataa kushiriki, atapata madhara gani? Utafanyaje ili hata wewe usijue nani kasema nini? Kwa kawaida suluhu ni mtu mwingine agawe na akusanye fomu, zisiwe na majina, au uchunguze shule ambayo huiongozi. Wengine wanaona huu ni urasimu wa wazungu wa kupoteza muda. Kwangu mimi ni somo la uongozi lenye uzito kuliko kozi nyingi, kwa sababu prefe anajifunza kwamba ile "ndiyo" ya walimu wake miaka yote huenda haikuwa ndiyo.

Sasa masomo yenyewe yanaendaje. Sehemu kubwa si lazima uwe hewani pamoja na wenzako, unasoma makala, unaandika jibu kwenye jukwaa la darasa, unarekodi video, kila mtu kwa saa yake ila kabla ya tarehe waliyoweka. Vyuo vingi vinakwambia utenge masaa 15 mpaka 20 kwa wiki, juu ya kazi, juu ya familia, juu ya kwaya na matanga. Halafu kuna yale masomo ya moja kwa moja, na hapo Lubumbashi inaumia. Darasa la saa mbili usiku New York, kwetu ni saa nane usiku, yaani la kwao la Jumanne kwetu tayari ni alfajiri ya Jumatano. Na Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma, sisi hatugusi saa, kwa hiyo wiki hiyo darasa linakuwa saa tisa, na mtu aliyezoea saa nane anaamka bure anakaa saa nzima anaangalia skrini tupu. Ukichagua chuo cha Uingereza au Afrika Kusini usiku wako utakuwa salama zaidi, Pretoria saa yao ni ileile yetu kabisa. Delestaje nayo, ule ukataji wa umeme, sina haja ya kuielezea, wenye akili wanashusha makala zote mapema pindi umeme ukiwepo na forfe ya intaneti ikiwa na nguvu.

Tena kusoma kwa mbali si jambo la jana. UNISA ya Afrika Kusini ilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Nelson Mandela alipata digrii yake ya sheria kwao mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Waingereza wakaanzisha Open University yao 1969, Watanzania wakafungua Chuo Kikuu Huria miaka ya 1990. Kwa hiyo anayesema mtandaoni hakuna elimu, amechelewa.

Ila cheti cha kweli na cha uongo vinafanana sana, na hapa naomba tuwe makini jamani. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni moja ya Karachi, Axact, iliyokuwa inauza digrii za vyuo ambavyo havipo, na walionunua walikuwa sehemu nyingi za dunia. Marekani si serikali inayoidhinisha vyuo, ni mashirika binafsi ya akreditasyo, na kazi ya wizara yao ya elimu ni kuyatambua hayo mashirika, kwa hiyo usiangalie tu kama chuo kimeandika kwamba kina kibali, angalia aliyetoa kibali anatambulika. Wizara hiyo ina orodha iko wazi mtandaoni bila malipo. Kisha kwetu utahitaji ekivalansi, yaani cheti chako kitambulike hapa, kutoka wizara ya elimu ya juu (ESU) Kinshasa, na hilo uliza KABLA ya kulipa, andika barua, subiri jibu, maana programu ya Marekani inakula makumi ya maelfu ya dola na mshahara wa prefe tunaujua. Doktora ya utafiti ya UNISA ni nafuu zaidi, lakini pale hakuna kozi wala wenzako wa darasani, ni wewe na msimamizi wako, kwa hiyo kabla ya kujiandikisha jua msimamizi atakuwa nani na anajibu barua kwa siku ngapi.

Na kingereza. Makala nyingi ziko kwa kingereza, mijadala kwa kingereza, na mtu aliyesoma maisha yake yote kwa kifaransa atahitaji hata mwaka mmoja wa kujiandaa. Hifadhi ya makala inayoitwa ERIC, ya wizara ya elimu ya Marekani, iko wazi kwa kila mtu, anza nayo leo, soma moja kwa wiki kuhusu tatizo la shule yako, na ukiona baada ya miezi kadhaa bado unataka kuendelea, hapo ndipo utafute chuo.